Doti ya Bluu Chini ya Ukingo

Mie ni mtu wa kushuku, bora niseme mapema. Gengeni nikipewa fungu la nyanya nalipindua kwanza nizione za chini. Mtu akinisifia gauni najiuliza anataka kuniazima nini. Marehemu mume wangu alikuwaga anasema hata malaika akija kunichukua nitamdai kitambulisho. Anacheka peke yake. Mie sikuona cha kuchekesha, maana ni kweli ningemdai.

Haya ninayoyasimulia yalianzia jikoni kwa mama, Kibamba, Jumamosi moja nilipotoka kwangu Kinondoni kwenda kumjulia hali. Tulikuwa tumeshakula. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ameenda kuanua nguo, na mama amejinyoosha ndani kwa ajili ya presha yake. Nikainamia beseni la vyombo. Nilipoiinua sufuria kubwa ya wali kuisuuza, nikaona chini ya ukingo wake pana msalaba mwekundu.

Sasa, lazima nieleze mambo ya alama. Mtaani kwa mama kuna kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana. Pakitokea msiba, au hata kipaimara, kila nyumba inatoa vyombo: sufuria, masinia, mabeseni, vijiko. Vyote vinaingia kwenye moto mmoja. Shughuli ikiisha, akina mama wanakaa kwenye mkeka wanavipindua kimoja kimoja, wanasoma alama, na kila chombo kinarudi kwao. Kuna aliyetoboa tundu kwenye ukingo, kuna aliyeandika herufi kwa msumari. Mama yangu alama yake ilikuwa doti ya bluu. Rangi yenyewe ilibaki baba alipopaka milango ya nyumba ile, wakati Kibamba ikiwa bado pori, na sie watoto tukiamini mzee amechanganyikiwa kututoa Temeke kwenye watu na kutupeleka kwenye nyani. Kwenye sufuria mama aliiweka doti chini ya ukingo, ambako moto haufiki. Kwenye masinia na mabeseni aliiweka mgongoni.

Doti ya bluu naijua tangu utotoni. Msalaba mwekundu mie siujui.

Nikafuta mikono, nikaanza kupindua. Sinia kubwa, msalaba. Beseni la kukandia unga, mistari miwili. Hotpoti, mistari miwili. Sufuria ya maharage, doti tatu nyekundu zimepangwa. Nikafungua kabati, nikatoa hadi vyombo vya wageni. Vyote vina alama, nyekundu pembeni ya bluu. Vitu vitatu tu ndivyo havikuguswa: birika la zamani, bakuli la enameli lililobanduka ukingo, na sufuria ndogo ya uji. Nikakwangua kidogo kwa ukucha. Rangi ya kucha! Na mama yangu, mwanamke wa kanisani toka ujana, hajawahi kupaka kucha hata siku ya harusi yake.

Wifi akaingia na nguo begani. Nikamtazama vidole. Vyekundu kumi.

Nikajifanya sioni. Huyo dada aliolewa na kaka yangu nikiwa nimeshazeeka na mambo yangu, na tangu siku ya kwanza sikumuelewa. Mpole mno. Anaamkia shikamoo huku anapiga goti mpaka unatafuta ameficha nini nyuma. Kaka ni dereva wa malori ya masafa, akienda mpakani haonekani wiki tatu, kwa hiyo anayebaki na mama ni yeye: anampikia, anampa dawa, anamkata kucha. Watu walinipongeza kwa kupata wifi kama yule. Mie nikawa najisemea, mh, mtu mwema hivyo bure?

"Wifi," nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "hivi hizi alama nyekundu ni za nini?"

Nguo moja ikamponyoka.

"Muulize mama," akasema.

Muulize mama! Yaani kwenye nyumba ya mama yangu mie naambiwa niulize. Nikaenda hadi mlangoni kwa mama, nikamkuta macho wazi, anatazama dari. Nikamuuliza kwa kuzunguka, kwa sababu ya presha. "Mama, kuna mtu umempa vyombo vyako?"

"Vyombo vyangu si hivyo hapo jikoni? Au vimeota miguu?"

Akatabasamu. Nikajua hajui lolote. Nikajua mwanamke yule anaigawa nyumba ya mama yangu huku mwenyewe amelala chumba cha pili, macho yamefunga ukungu, hawezi kuona alama wala mwenye kuiweka. Wiki nzima sikulala vizuri. Vyombo vile ni umri wangu. Ile sufuria ndogo ya uji baba aliinunua kabla sijazaliwa. Kitako kilipotoboka, alimpelekea fundi bati Temeke akakibadilisha. Kikatoboka tena, kikabadilishwa tena baada ya mzee kufa. Kilichobaki cha zamani ni ukingo na ubavu tu. Nilinywa uji wake nikiwa sina meno, mwanangu akanywa, na siku hizi ndiyo ilikuwa ya kumpikia mama, maana vitu vigumu vilikuwa vimeanza kumshinda. Nikiitazama nilikuwaga naona kwamba watu tunabadilishwa chini yake, na yenyewe inabadilishwa kitako, na hakuna anayesimamisha shughuli. Lakini siku zile sikuwa na nafasi ya kuwaza hivyo. Nilikuwa nasaka mwizi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikiwa na mkoba umejaa. Thina ya kuyeyushia rangi, waya wa kusugulia, kisu kidogo, na kopo la rangi ya bluu. Nilijua mama atakuwa kwenye sala ya jumuiya, na wifi ndiye anayempeleka akimshika mkono. Ufunguo ninao. Nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikakwangua. Misalaba ikatoka, mistari ikatoka, doti tatutatu zikatoka. Penye ugumu nikatia kisu. Halafu nikachovya kijiti kwenye rangi, nikaweka doti mpya ya bluu kila chombo nilichokikwangua, nene, ya kuonekana na mtu akiwa barabarani. Vile vitatu visivyo na wekundu sikuvigusa, vilikuwa na doti zao za zamani. Nilipomaliza nilijisikia vizuri jamani, siwezi kusema uongo. Nilijiona mtoto wa kike aliyesimama.

Waliporudi nilimngoja wifi amkalishe mama sebuleni, ndipo nikamwita uani.

"Nimezifuta alama zako zote," nikamwambia. "Ukitaka vyombo vya mtu, subiri kwanza afe."

Nilingoja ajitetee, nilikuwa nimeshapanga majibu, lakini hakusema neno. Aliingia ndani, akamuaga mama kwamba dada yake wa Segerea anaumwa, akabeba mfuko mmoja, akatoka. Nami kule kutojitetea kwake nikakuhesabu kuwa ushahidi.

Mama hakuwa mjinga. Aliniita.

"Umemfanya nini?"

Nikamweleza, tena kwa fahari. Nikamwambia mama, ulikuwa unaibiwa huku unaombewa dua, nimekuokoa. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda kilekile. Akachukua sufuria kubwa ya wali, akapitisha kidole chini ya ukingo, taratibu. Akaiweka. Akachukua sinia. Akachukua beseni. Alipitisha kidole kwenye kila kimoja, na mie nimesimama mlangoni namtazama.

"Nilivigawa," akasema.

"Mwezi mzima nilivigawa. Wifi yako ananishikia, mie nachora kwa rangi yake ya kucha, maana ile ya bluu ilishakauka kwenye kopo. Kila mtu na alama yake. Nikifa, vije vipinduliwe kama vinavyopinduliwa vya watu wote, kila kimoja kijiendee kwao, pasiwe na maneno."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikuambie wewe?" Akanigeuzia yale macho ya ukungu. "Wewe uliyefungua begi la shangazi yako?"

Loo. Alinigusa pabaya. Baba alipofariki, siku ya kuanua matanga, redio yake haikuonekana. Nikashuku. Mbele ya wazee na wachungaji nikaliendea begi la shangazi, dada wa baba wa damu, nikalifungua, nikatoa kanga zake moja moja na nguo zake za ndani mpaka chini. Redio haikuwamo. Ilikuwa kwa fundi, baba mwenyewe aliipeleka kabla hajazidiwa. Shangazi alifunga begi lake, akaondoka bila kula, na mpaka anaingia kaburini hakukanyaga tena kwetu. Mie nilishajisahaulisha. Mama hakuwa amesahau.

"Basi mama, tuviandike upya," nikasema. "Nitajie, mie nitaweka alama mwenyewe. Msalaba ulikuwa wa nani?"

Akafikiri. Akafikiri sana, mpaka nikatamani nisingemuuliza.

"Sikumbuki," akasema. "Nilichora ili nisahau. Nilijua alama ndiyo itakayokumbuka." Kisha akagusa tena sinia, rangi yangu mbichi ikamshika kidoleni. "Na hii ni nini?"

"Nimeweka doti yako. Ya bluu. Nimeviwekea vyote."

"Vyote?"

"Vyote."

Akacheka kicheko kifupi, kile cha kutoka puani. "Haya. Basi vyote vyako."

Nilidhani ananisuta. Niliposogea nimshike akauondoa mkono wangu, bila hasira. "Kamrudishe anayekumbuka," akasema.

Kwenda Segerea kuomba radhi, mie, kwa mtu niliyemzidi miaka kumi na mitano! Nilizunguka mtaa wa dada yake mara mbili kabla sijabisha hodi. Nilimkuta wifi anachambua mchicha, akainuka, akapiga goti, shikamoo wifi. Hiyo shikamoo iliniumiza kuliko angenitukana. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia na jinsi mama alivyopitisha kidole, kwa sababu sikuwa na la kujitetea. Aliendelea kuchambua mchicha wake hadi ukaisha.

"Nitarudi kwa ajili ya mama," akasema. "Wewe na mie tutajuana baadaye."

Akarudi siku ileile. Mama aliishi hadi mvua za masika. Mwisho hakuweza kushika kikombe, wifi akawa anamnywesha uji kwa kijiko, uji wa kwenye ile sufuria ndogo. Mie nilikuwa naenda kila wikiendi, najitahidi, lakini niseme kweli: nikifika bado macho yalikuwa yanakwenda kabatini kuhesabu. Mama alifariki asubuhi, kaka yupo njiani, na aliyemfumba macho ni wifi.

Msibani vyombo vya mama vilitoka na vya mtaa mzima vikaja juu yake. Siku ya kuanua matanga, akina mama wa kikundi wakakaa mkekani kama kawaida yao, wakapindua, wakatenganisha. Cha tundu huku, cha herufi kule. Vya bluu vikajaa upande mmoja, rundo. Kaka akasimama, akawaambia ndugu kwamba marehemu aligawa vyombo vyake akiwa hai, na aliyemshuhudia ni mkewe, kwa hiyo asikilizwe.

Nilingoja aseme kilichotokea. Watu wa kanisani wapo, mama mdogo yupo, watoto wa shangazi wapo, wale ambao nililifungua begi la mama yao mbele yao. Kwa neno moja tu angenimaliza.

Wifi akapiga magoti kwenye mkeka. Hakusoma mahali. Akashika sufuria kubwa ya wali na sinia, akasema msalaba ulikuwa wa mama mdogo. Beseni, hotpoti, mistari miwili, vibaki hapa kwa mwanawe wa kiume. Sufuria ya maharage, doti tatu, ya watoto wa shangazi, marehemu alisema wapewe mkononi. Akaenda hivyo hadi rundo likaisha, na chombo kwa chombo mie nilikuwa namfuata kichwani, maana nilivikwangua kwa mkono wangu. Hakukosea hata kimoja. Mtu mmoja akauliza mbona alama zenyewe hazionekani. Wifi akajibu, "Zimefutika kwa kuosha." Wakaridhika.

Mwisho akanyanyua ile sufuria ndogo ya uji, akaniletea kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, wifi. Alama yako ilikuwa duara."

Watu wakasema amina. Mie nikaipokea, na palepale, mbele ya matanga ya mama yangu, nikaanza kushuku. Kwa sababu duara hakukuwa. Sikufuta duara popote. Na sufuria ile hasa haikuwa na wekundu wowote, ilikuwa moja ya vile vitatu ambavyo sikuvigusa. Nikapitisha kidole chini ya ukingo. Doti ya zamani ya bluu, imefifia, basi. Kakumbuka vyote, halafu changu tu ndicho kakitungia uongo? Birika na bakuli la enameli navyo sikuviona mkekani. Nikajisemea, haya, makubwa. Kumbe mama hakuniachia kitu, na huyu kanipa sufuria ya uji kunifunga mdomo, na birika kalificha.

Nilikaa nayo Kinondoni mwezi na zaidi. Siipikii. Naitazama. Nilikuwa nakereka, halafu chini ya kukereka kulikuwa na kitu kingine kinachouma zaidi: kwamba mama alipita nyumba nzima na kile kichupa cha rangi, akamkumbuka kila mtu, na akanivuka mie mwanawe. Nikiwaza hivyo nalia kweli, natoa kamasi.

Safari hii nikasema siendi na mkoba wa thina. Nilikwenda na sufuria yenyewe. Nikamkuta wifi jikoni, nikaketi kwenye kigoda, nikamuuliza kwa upole, jambo ambalo nadhani lilimshtua.

"Wifi, duara halikuwepo. Niambie tu. Mama aliniwekea alama gani?"

Akafunga bomba. Akakausha mikono muda mrefu, kila kidole.

"Hakukuwekea," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshajiandaa.

"Nilimuuliza, mama, na wifi je? Akasema wewe huhitaji alama nyingine. Vitakavyobaki na doti ya bluu peke yake ndivyo vyako. Akasema, alama yangu ndiyo yake."

Akafungua kabati la juu, akatoa birika na lile bakuli lililobanduka, vimefungwa kwenye kanga ya mama. "Hivi sikuvitoa nje. Nilijua utakuja."

"Sasa kwa nini hukusema palepale?" nikauliza. "Kwa nini ukatunga duara?"

Alinitazama kwa namna ya mtu anayetafuta njia nzuri ya kusema, akaikosa, akasema tu.

"Ningesemaje, wifi? Ningesema vya bluu ni vya binti yake, wangetazama rundo. Lote lilikuwa bluu. Rangi mpya. Wangesema umefuta alama za watu uvichukue vyote. Na wale watoto wa shangazi wamekaa pale."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Nilikaa kwenye kile kigoda nikaona mkono wangu ukichovya kijiti, doti baada ya doti, nikijigawia vya ndugu zangu bila kujua, na mama akiuliza, vyote? Kumbe hakuwa akinisuta. Alikuwa ananieleza.

Wifi aliinjika chai. Tukanywa.

Birika, bakuli na sufuria vipo kwangu sasa. Doti zake ni zile alizoweka mama mwenyewe, ndogo, kidogo zimepinda kwa sababu hata enzi za macho yake hakuwa fundi wa kuchora. Nikiosha napitisha sponji kwa kuzunguka, nisiziguse, lakini najua zinakwisha. Mwaka mmoja, miwili, nazo zitatoka. Kopo langu la bluu lipo uvunguni na bado lina rangi. Sijalifungua tena.

Wifi akija kunitembelea huingia moja kwa moja jikoni kunisaidia. Anaishika sufuria, anaisuuza, anaiweka kichanjani, haitazami chini ya ukingo. Mie nikienda kwake, mpaka leo, mkono bado unanituma nipindue.